Chungu cha Alhamisi: Maisha ya Ma Doxie wa Fond Tamarin

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, na majirani wote mliofika, mimi ni Verlina, mke wa Cuthbert, mtoto wa tatu wa marehemu, nami nimepewa kazi hii kwa sababu watoto wa kuzaliwa wamesema hawatafika ukurasa wa pili, na mtu lazima asome.

Marehemu Eudoxia Valmond, ambaye karibu wote tulimwita Ma Doxie, alizaliwa hapa hapa Fond Tamarin, upande wa mashariki wa kisiwa chetu cha Dominika, tarehe 2 Machi 1948, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Theophile Laronde na mkewe Cornelia, wakulima wote wawili. Alisoma shule yetu ya kijiji kuanzia mwaka 1953 hadi 1962, akaishia hapo kwa kuwa baba yake aliumia mgongo na migomba haikuweza kusubiri, na tangu hapo alibeba mikungu kichwani hadi kituo cha kupakia, katika zile siku ambazo meli ya ndizi ikipiga honi kijiji kizima kilitembea kwa haraka, na jioni barabara ilinuka utomvu, kahawa na samaki wa kukaanga.

Tarehe 6 Mei 1967 alifunga ndoa katika kanisa hili na Alphonsus Valmond, marehemu Fonso, ambaye siku ya harusi aliwaambia rafiki zake, "Wenzangu mmeoa wake, mimi nimeoa jembe lenye meno," na bibi harusi akamjibu mbele ya padri kwamba jembe linalisha, ila mdomo haulishi. Mungu aliwajalia watoto watano, mmoja akafariki mchanga mwaka 1975, wanne wakakua, na ndizi ndizo zilizowasomesha, hadi bei ilipoanguka miaka ya tisini na watu wengi wakakata migomba na kuondoka, wakiwemo watoto wake watatu. Yeye akapanda magimbi, viazi vikuu na mbaazi, na hata Fonso alipofariki tarehe 11 Juni 2003 hakupunguza hata tuta moja.

Kilichomuuma ni shule. Watoto wetu walikuwa wakila wali na kuku wa barafu aliyeletwa na meli, wakicheka gimbi kuwa ni chakula cha masikini, naye alikuwa akiniuliza kila tukipita pale langoni, "Verlina, mtoto anayeona haya kula kilicho mlangoni kwao, akishaondoka atarudi kufuata nini?" Alimsumbua Mwalimu Mkuu Darroux, ambaye namwona pale benchi la pili, mpaka akakubali chungu kimoja cha mazao ya kijiji kila Alhamisi, na cha kwanza kikapikwa tarehe 15 Oktoba 2009.

Mnajua kilichotokea. Bi Hyacintha, mpishi wa shule, alikuwa amezoea kuku wa dakika arobaini, kengele ikakaribia, akaepua majani ya magimbi kabla hayajaiva, na shule nzima ikawashwa koo, watoto wakilia na kujikuna shingo, na Mwalimu Mkuu, aliyekula wa kwanza ili awe mfano, akashindwa hata kutoa sauti ya kuwatuliza. Wazazi walisimama langoni wakisema, "Doxie atatuulia watoto kwa chakula cha nguruwe!" na chungu kikafutwa siku ileile.

Marehemu hakubishana na mtu. Mwezi Januari 2010 alipiga baragumu la kombe la baharini kuita msaragambo, kazi ya pamoja, shambani kwake, akaalika shule pamoja na wazazi, na kwetu mwito wa msaragambo haukataliwi. Tulichimba viazi hadi mchana, kisha akapakua majani yaleyale, kwa tui na kaa wa nchi kavu, na Mwalimu Mkuu akatazama bakuli akasema, "Ma Doxie, koo langu bado lina kinyongo." Akamwambia, "Kula, Mwalimu, haya nimeyabandika wewe ukiwa bado unakoroma." Alikula, akaongeza, na hapo marehemu akafuta mikono na kumkumbusha mbele ya wazazi wote kwamba anayekula cha msaragambo anadaiwa siku ya jembe, naye amekula mara mbili. Siku hizo mbili alizidai nyuma ya jiko la shule, Mwalimu akalima na wanafunzi wake, na hiyo ndiyo ikawa bustani ya shule. Chungu kikarudi, na kila Alhamisi hadi Pasaka marehemu alisimama jikoni kando ya Bi Hyacintha, aliyenung'unika kwamba anachungwa kama mbuzi, hadi wakawa marafiki. Baadaye hata watu wa mji mkuu, Roseau, walikuja Jumamosi kuchimba, kula na kununua. Kimbunga cha Septemba 2017 kilipotuacha bila mapaa wala meli, shule ilikula kilichobaki chini ya udongo.

Mwaka 2021 kisukari kilimshika sana, akakatwa mguu wa kushoto, shamba likaanza kushikwa na majani, na tukasikia shule ikifikiria tena kuku wa meli kwa kuwa mletaji mkuu alikuwa yeye. Februari mwaka huu aliagiza machipukizi yake yote ya magimbi yang'olewe, yagawiwe nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza sisi tutapanda nini, akasema, "Nawe omba jirani. Kosa langu lilikuwa kulisha shule peke yangu."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, alfajiri. Alhamisi iliyofuata chungu kilipikwa kama kawaida, Bi Hyacintha akatuletea sahani msibani, na nilipomuuliza magimbi yale ni ya nani, akasema hajui, watu wameleta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba, walimu, na wakulima wenzake wote. Umefanya kazi ya kutosha, Mama, weka jembe chini, upumzike kwa amani.