Alama Mbili Begani

Bibi: Haloo? Nani huyo ananipigia saa za watu kufanya kazi?

Mjukuu: Mimi, Bibi. Shikamoo.

Bibi: Marahaba, mke mwenzangu! Ngoja nitoe mguu kwenye cherehani... haya. Hujambo?

Mjukuu: Sijambo. Nilikuwa nakusalimia tu.

Bibi: Saa nne na nusu asubuhi, siku ya kazi, unanisalimia tu.

Mjukuu: Ndiyo.

Bibi: Na hizo hatua ninazozisikia? Unapanda ngazi au unashuka?

Mjukuu: Vyote viwili. Nimetoka ofisini, ndani watu wana masikio.

Bibi: Mtu wa kusalimia tu hukaa kitako. Sema.

Mjukuu: (anashusha pumzi) Ile programu ya kliniki, Bibi. Ya kadi za chanjo za watoto. Leo saa sita inapelekwa kliniki zote. Bosi anangoja sahihi yangu.

Bibi: Yako wewe? Makubwa!

Mjukuu: Si mimi ndiye mjaribu wa programu? Nikisaini, imepita. Na kadi za karatasi zinakusanywa leo leo, hazitumiki tena.

Bibi: Basi saini. Au umekuta wadudu humo kwenye kompyuta?

Mjukuu: Hakuna hata mmoja. Ndilo linaloninyima raha. Majaribio mia mbili na kumi, yote yamepita. Tangu jana chai hainishuki.

Bibi: Hebu nieleze unavyojaribu. Pole pole. Nashona mfuko, mikono ina kazi lakini masikio yako huru.

Mjukuu: Nabuni watoto. Siwezi kujaribu kila mtoto wa dunia, kwa hiyo nawagawa makundi. Walio chini ya miezi tisa, waliotimiza, waliokosa chanjo ya nyuma... Kila kundi nachukua mmoja awasemee wenzake.

Bibi: Kama kuonja mchuzi. Kijiko kimoja kinasemea sufuria.

Mjukuu: Eeh, hapo hapo—

Bibi: Ila ukoroge kwanza. Chumvi hukaa chini.

Mjukuu: Yetu hukaa mpakani. Ndiyo maana sichukui mtoto wa katikati tu. Namchukua aliyebakiza siku moja kutimiza miezi tisa, aliyetimiza leo, na aliyetimiza jana. Halafu kabla sijabonyeza chochote, naandika jibu ninalolitegemea. Ukingoja jibu litoke ndipo useme "ndivyo", utakubali lolote.

Bibi: Hapo umenena. Fundi aliyenifundisha alikuwa anakata kwanza, anapima baadaye. Nguo ikibana, anasema mteja kanenepa!

Mjukuu: (anacheka kidogo) Bosi wangu huyo.

Bibi: Na vituko? Mimi suruali ya shule siipimi mtoto amesimama kama mlingoti wa bendera. Namwambia chuchumaa. Ruka. Panda dirisha. Suruali haichaniki kwenye mstari asubuhi, huchanika mchezoni.

Mjukuu: Nimewachuchumaza sana, Bibi. Nimemwandika mtoto atakayezaliwa kesho. Nimeandika mtoto wa miaka mia. Nimejifanya nesi mwenye hasira anayebonyeza mara tatu. Nimezima umeme katikati ya kuandika. Kote imejibu vizuri.

Bibi: Sasa kinachokuwasha ni nini?

Mjukuu: Ningejua ningekuwa nahesabu ngazi? Nimezipanda mara sita... labda ile kasoro ya wiki iliyopita. Lakini ile niliiona mimi mwenyewe, na imerekebishwa.

Bibi: Kasoro gani?

Mjukuu: Manesi wa kliniki ya majaribio walikuwa wanamwandika mtoto mmoja mara mbili. Anakuja leo, anakuja mwezi ujao, anaonekana watu wawili. Sasa programu ikiona simu ya mama ni ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile, jinsia ileile, inajua ni yuleyule, inaunganisha kadi. Nimeijaribu hiyo mara kumi na nne, inaunganisha safi kabisa. Bosi alinipigia makofi mbele ya watu.

Bibi: Na majina?

Mjukuu: Majina hatuyaangalii. Leo mama anataja la nyumbani, kesho la shangazi, hayana msimamo. Kwa hiyo— (mtandao unakwaruza) —inaangalia hayo matatu tu.

Bibi: Sikukusikia. Rudia. Simu ya mama ileile?

Mjukuu: Eeh.

Bibi: Siku ya kuzaliwa ileile?

Mjukuu: Eeh, Bibi.

Bibi: Na wote wasichana.

Mjukuu: Wote? Ni mtoto mmoja, Bibi, ameandikwa mara mbili... Mbona cherehani imenyamaza?

Bibi: Begani kwako, mkono wa kushoto. Una alama ngapi za sindano?

Mjukuu: Mbili. Si unajua? Wenzangu wote moja moja. Shuleni waliniita Vifungo.

Bibi: Na mwenzako?

Mjukuu: Mwenzangu nani?

Bibi: Mwenzako.

(mtandao unakwaruza)

Mjukuu: Bibi, sisi huwa hatu... nyumbani hatumtaji.

Bibi: Leo namtaja. Mama yenu alikuwa bado amelazwa, mimi ndiye niliyewapeleka kuchanjwa. Kadi zilikuwa zimekwisha, wakaniandikia moja kwa wote wawili, nyingine nitapewa zikija. Nguo zenu niliwashonea mwenyewe, kitambaa kimoja, cha njano chenye vitone vyeupe. Kola zina lesi. Nikajiona fundi! Foleni inafika mlangoni. Huyu analia, namweka kwenye benchi, namchukua huyu. Huyu naye analia. Nesi akasema lete mtoto, nikatoa. Akasema lete wa pili, nikatoa.

Mjukuu: Ukatoa nani?

Bibi: Nilipowavua nyumbani, wewe ulikuwa na vipande viwili vya pamba.

Mjukuu: Na yeye?

Bibi: Nikasema nitarudi Jumatatu. Nikarudi, usidhani sikurudi. Nesi akatazama kadi, akaniambia mama, wote tayari, alama hizi hapa. Nikasema labda mimi ndiye niliyekosea. Kadi imesema, mimi ni nani?

Mjukuu: Kumbe kile kifua kilichomchukua...

Bibi: Kitambaa cha njano sijakishona tena.

Mjukuu: Bibi...

Bibi: Umeshamjaribu mtoto mmoja anayeonekana wawili. Wawili wanaoonekana mmoja umewajaribu?

Mjukuu: Hapana. Watoto mia mbili na kumi, na pacha hakuna hata mmoja! Mimi, Bibi! Mimi!

Bibi: Hakuna anayebonyeza jeraha lake kwa kupenda. Acha hizo ngazi. Nenda mezani.

Mjukuu: Naenda. Usikate. (mlango unafunguka, sauti za watu) Nanong'ona, nisikilize vizuri. Nafungua... Naandika kwanza jibu ninalolitegemea. Kadi mbili.

Bibi: Kadi mbili. Ndiyo.

Mjukuu: Simu ya mama moja. Tarehe moja. Msichana, msichana. Wa kwanza nimempa jina langu. Wa pili...

Bibi: Mpe lake.

(vitufe vinabonyezwa polepole)

Mjukuu: Nimempa. Nabonyeza. Wa kwanza amechomwa, imeandika. Sasa wa pili.

Bibi: Imesema nini?

(mtandao unakwaruza)

Bibi: Haloo? Imesema nini?

Mjukuu: "Mtoto huyu ameshachanjwa." Tena kwa maandishi ya kijani, Bibi. Kijani kama neema.

Bibi: Ee Mungu wangu.

Mjukuu: Kliniki zote, Bibi. Saa sita.

Bibi: Sasa hivi saa ngapi?

Mjukuu: Tano kasoro. Bosi huyo anakuja. Ana karatasi na kalamu, anatabasamu.

Bibi: Mwambie bado.

Mjukuu: Gari la kukusanya kadi liko nje tayari! Ataniambia jana nilisema imepita—

Bibi: Na mimi Jumatatu ile nilinyamaza ili nisimkere nesi. Mwambie bado! Hasira ya bosi hupoa.

Mjukuu: Ngoja. (kwa mbali) Hapana, bosi. Sisaini. ... Najua saa ngapi. ... Gari lisiondoke. Keti hapa, nina watoto wawili na kadi moja. Tazama mwenyewe. ... Hapana, tazama kwanza ndipo ufoke.

(kiti kinakwaruza sakafu)

Bibi: Haloo? Amesema nini?

Mjukuu: Ameketi. Kalamu ameirudisha mfukoni. Bibi, salio langu linakwisha, simu itakatika sasa hivi—

Bibi: Kata, kafanye kazi. Uwajaribu na wavulana. Na watatu, wapo wanaozaliwa watatu! Na ukishatengeneza, wale mia mbili na kumi uwarudie wote, mshono mmoja ukifumuliwa, wa jirani hulegea—

Mjukuu: Nitawarudia wote. Bibi, nisikilize. Mimi sina hasira na—

(simu inakatika)

Bibi: Na nani? ... Haloo? Mke mwenzangu? Huna hasira na nani?