Baridi ya Bomba la Moshi

Kijiwe chao ni benchi moja la mbao nje ya karakana ya kuchomelea vyuma. Hapo hukaa Msumari, mwenye karakana, na Redio, mshona viatu asiyezimika. Siku hiyo mume wangu, dereva wa lori, alikuwa kati yao na kikombe cha kahawa. Kesho yake tulikuwa tusafiri wote na mtoto wetu wa miezi mitatu, bibi yake amwone kwa mara ya kwanza, na kabini ya lile lori ni jiko. Nilikuja kuuliza nipakie nini. Nikamkuta Msumari ameshika msumeno kando ya lori.

— Moto utaletaje baridi? mume wangu alikuwa anauliza.

— Friji la mafuta ya taa hujaliona? Msumari akamjibu. Chini utambi unawaka, juu maji yanaganda. Bomba lako la moshi lina moto wa tambi mia, nawe unaumwaga barabarani. Nalikata hapa, naliunganisha na mabomba ya lile friji langu bovu, kabini inapoa.

— Bovu?

— Bovu mlango tu.

— Mimi ningepitisha bomba zima juu ya paa, Redio akadakia. Ungebeba samaki bila barafu.

— Nabeba saruji.

— Basi itafika haina jasho. Na mlimani, injini ikichemka, utavaa sweta. Trafiki akikusimamisha, ukishusha kioo tu, anapata mafua.

— Redio, punguza sauti, Msumari akasema. Dereva, nikate?

— Kata. Mtoto asiungue.

Msumeno ukagusa bomba. Nikamhamishia mtoto bega la pili.

— Baba, nikamwambia mume wangu, kwenye foleni ya mizani ya malori si huwa mnazima injini?

— Tunazima. Kwa saa tatu, hata nne, juani.

— Sasa hapo baridi itatoka wapi?

Msumari aliutoa msumeno kwenye bomba, akautazama kana kwamba ndio ulioulizwa.

— Shemeji, Redio akasema, ulikuwa wapi tangu asubuhi?

Mume wangu alimchukua mtoto, akamfuta shingo kwa kiganja.

— Mtapanda basi, akaniambia, mimi nitafuata na lori. Lakini mkifika stendi, nisubirini. Nataka nimkabidhi kwa mama mimi mwenyewe.