Munkoyo Niliyomficha Daktari

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe kwa kutukutanisha tena, barabara zikiwa zimefunguliwa. Kwa wasionijua, mimi ni Mama Astrida wa Kikula. Wanaonijua wanajua nina maneno mengi, na mchungaji ameniomba nifupishe. Nitajaribu.

Binti yangu Astrida alishikwa na ugonjwa wa sukari akiwa na miaka kumi, wakati Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Alikunywa maji mtungi mzima, akawa anakojoa kitandani, akakonda hadi gauni lake la Pasaka likawa linamwanguka mabegani. Nilimchapa kwa ule mkojo, na mpaka leo inaniuma. Hospitali walitueleza kwamba mwili wake umeacha kutengeneza kitu kinachoondoa sukari katika damu, na kwamba kitu hicho kinapatikana kwa sindano, kila siku, maisha yake yote. Mume wangu alilia. Mimi nilishukuru, maana nilidhani wataniambia hakuna dawa.

Daktari wa pale alikuwa anafanya uchunguzi juu ya watoto wenye ugonjwa huo. Alitaka kujua bukari, ugali wetu, na sombe, majani yetu ya muhogo, vinafanya nini katika damu ya mtoto anayechomwa sindano. Kila mama alipewa daftari aandike kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto. Kila Jumatatu muuguzi Kabwe alichemsha mkojo wa watoto pamoja na dawa ya bluu. Ukibaki bluu, vizuri. Ukigeuka mwekundu kama tofali, sukari imezidi. Wa Astrida ulikuwa tofali kila Jumatatu.

Daktari alisoma daftari langu, akakuna kichwa. Bukari kidogo, mboga, samaki, chai bila sukari. Sukari ya baba yake nilikuwa nimeifungia sandukuni, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge changu. Hakuona kosa lolote, kwa hiyo akaongeza dawa ya sindano. Baada ya wiki mbili akaongeza tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namchoma kila asubuhi.

Sasa sikieni dhambi yangu. Astrida alikuwa anakunywa munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, vikombe vitatu, vinne kwa siku, na mimi sikuandika hata kimoja. Mnajua sisi tulivyo, munkoyo hatuihesabu kuwa chakula. Mgeni akinywa munkoyo kwako akaenda zake, anasema hakupewa chakula. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Muuguzi Kabwe ni shemasi wetu, yule pale, na ndiye aliyekuwa anasoma yale madaftari. Munkoyo ikikaa siku kadhaa inalewesha, na mimi nilikuwa nasimama mbele ya wamama wa chama chetu cha kanisa kuwakataza pombe. Yetu ilikuwa changa, tamu, ya jana tu. Hata hivyo ningeandikaje?

Kisha vita vikafika mjini. Tulijifungia ndani. Wanawake wanaotuletea mizizi ya munkoyo kutoka porini hawakuweza kupita, na mtungi ukakauka. Nikajiambia, tazama, Bwana ameniondolea aibu yangu bila mtu kujua. Nilifurahi kweli. Nikaendelea kumchoma mtoto dawa ile ile nyingi, iliyopimwa kwa mtoto anayekunywa munkoyo.

Siku ya tatu asubuhi Astrida alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka hadi shuka ikalowa. Akanitukana, yeye ambaye hajui matusi, kisha akaanguka karibu na jiko. Jirani zangu na wamama wa chama walikuja kuomba, na mmoja akasema ni pepo la vita. Tuliomba kwa nguvu, ndugu zangu. Mtoto akazidi kupoa.

Mume wangu alitoka mbio kumwita Kabwe, mtaa wa pili, risasi zikisikika upande wa reli. Kabwe aliingia, akamshika mtoto shingoni, akaniambia:

"Mama, leta sukari. Mbio."

"Sukari? Sukari ndiyo inamuua. Minye siwezi kumupa."

"Dawa imemaliza sukari yote mu damu. Nini imebadirika mu hii nyumba? Alikuwa anakunywaka nini?"

Nilishika pindo la kitenge. Niseme ukweli wangu: hata wakati ule, mtoto akiwa chini, niliwatazama kwanza wale wamama wa chama waliosimama mlangoni. Ndipo nikasema.

"Munkoyo. Kila siku. Nilikuficha weye."

Kabwe alipiga magoti kando ya mtoto. Alinyoosha mkono. Nilifungua lile fundo la ufunguo kwa meno, nikatoa sukari sandukuni. Kabwe alilowesha sukari kidogo, akampaka ndani ya shavu, kidogo kidogo ili isimpalie, na sisi tukaendelea kuomba, safari hii kimya, machozi yakitutoka. Sijui ilichukua muda gani. Astrida alifungua macho, akatutazama wote.

"Mama, juu ya nini banalia?"

Ndugu zangu, nilianguka kifudifudi sakafuni nikacheka kama mwenda wazimu. Mtoto wangu alikuwa ananiita mama.

Njia zilipotulia nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alipunguza dawa siku ile ile, kisha akawaita wamama wengine mmoja mmoja awaulize. Wote walikuwa wanawapa watoto munkoyo. Hakuna hata mmoja aliyeandika. Mmoja wao yuko hapa leo, na anainamisha kichwa, lakini simtaji. Daktari alizitupa kurasa zake za miezi mingi, akaanza upya, na tangu hapo mkojo wa Astrida unabaki bluu Jumatatu nyingi.

Namshukuru Mungu aliyemrudisha mtoto wangu kwa mkono wa mtu niliyekuwa namkimbia. Nilimwamini Mungu kwa ugonjwa wa mwanangu, lakini sikumwamini kwa aibu yangu, na aibu hiyo ilikaribia kumzika mtoto wangu. Mwaminini kwa vyote viwili. Kama kuna mtu hapa amemficha muuguzi kitu, au amemficha Mungu, anisubiri nje baada ya ibada. Sitamcheka. Nitamshika mkono, tutakwenda pamoja kusema.