Basuni ya Marehemu Ishengoma

Kijiwe chetu cha mtaa wa Bilele kiko kando ya jiko la kahawa la Ashura, na hakuna jambo la dunia hii ambalo tumewahi kushindwa kulieleza. Ndiyo maana Avit, alipokuta darini mti mrefu wenye vitufe vya chuma, aliuleta kwetu. Ulikuwa wa marehemu baba yake, mzee Ishengoma, aliyeusia uwekwe mbele ya watu siku ya misa ya kumkumbuka. Misa ni kesho yake, ukoo mzima unakuja, na Avit hajui baba yake kamwachia nini. Mama yake alikuwa Muleba kwa dada yake, simu haipatikani.

Leo tunajua ni basuni, filimbi ya kizungu. Siku ile Rutashobya, fundi baiskeli, aliapa ni pampu ya kunyunyizia dawa mibuni. Tukamcheka. Rugaibula, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, akaonyesha kijibomba kilichopinda, chenye kipande cha tete kwenye ncha.

— Huu ni mrija wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tena wa kifalme. Mkono mtupu haulambwi.

Methali haikuhusu, lakini tulikubali. Mhaya akiona kitu kirefu chenye tundu, anawaza kunywa. Ashura hataki pombe kijiweni pake, akatupatia ndoo ya maji. Tukazamisha mdomo mpana wa mti ule, Profesa akavuta kwenye tete. Hewa tupu. Akasema inatorokea kwenye matundu, kila mtu azibe lake. Tukaziba, tukavuta kwa zamu mpaka mashavu yakauma.

— Haba na haba, Profesa akatutia moyo.

Avit peke yake hakucheka.

— Kesho nitawaambia nini watu?

Nikaona aibu, wallahi.

Hapo ndipo mama yake, Restituta, aliposhuka kwenye bodaboda na kapu lake la ndizi. Akatutazama, watu wazima na vidole vyetu matunduni.

— Mbona hakuna hata mmoja anayepuliza?

Profesa akavua miwani yake.

Avit akaitoa basuni majini, akapuliza. Tete lilishalowa kwa mate yetu sote, likalia mlio mnene, mbovu, kama fahali aliyekwama mtaroni. Mbwa wa jirani akakimbia. Avit akaishusha, uso umemshuka.

Mama akaketi kwenye benchi letu, anacheka huku machozi yanamtoka.

— Endelea, mwanangu. Hata baba yako, siku aliyokuja kunichumbia, alianza kuipuliza vibaya hivyo hivyo.