Historia ya Dk. Thuwaiba Ubwa Simai, na Sababu ya Kuchelewa Maziko Yake

Assalaam alaykum, ndugu, jirani, na nyote mliofanya kazi na marehemu. Mimi ni Talib Simai Khatibu, ami yake, ndugu wa baba yake kwa baba na mama, na familia imenitaka nikusomeeni maisha yake leo Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, siku ya hitima. Mtanisamehe nikisita, kwa kuwa nina umri wa miaka themanini na mbili, na siku zote nilijua kwamba yeye ndiye atakayesoma historia yangu.

Dk. Thuwaiba alizaliwa Jumatano, tarehe 17 Aprili 1968, hapa Mkunazini, katika nyumba hii, akiwa mtoto pekee wa marehemu Ubwa Simai Khatibu, fundi wa kupiga chokaa, na marehemu Biasha Abdulla Haji. Tarehe 9 Juni 1979, Ubwa alikuwa akimwagia maji chokaa mbichi kwa ajili ya ukuta wa nyumba moja ya Shangani, chokaa ikachemka, ikamrukia macho yote mawili, na tangu siku hiyo hakuona tena. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, akawa ndiye anayemshika baba yake mkono kwenda msikitini na kurudi.

Alisoma skuli ya Vikokotoni, kisha Haile Selassie, kisha Lumumba hadi mwaka 1987, akaingia Muhimbili, Dar es Salaam, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1993, akachukua ubingwa wa macho Moshi mwaka 1999, na kuanzia 2003 hadi 2007 alikuwa Hyderabad, India, akisomea konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, na namna ya kuiotesha upya nje ya mwili.

Aliporudi alipewa chumba kimoja katika hospitali ya mjini, akakifanya maabara. Kazi yake alinieleza hivi: jicho lililoungua kwa chokaa hupoteza mbegu zilizoko ukingoni mwa konea, basi yeye hukata kipande kidogo kuliko punje ya mchele kutoka kwenye jicho zima, hukilea wiki mbili juu ya utando mwembamba, kisha huushonea utando huo kwenye jicho lililoungua. Utando wenyewe hutoka kwenye kondo la nyuma la mzazi, na nyote mnajua kwamba kondo kwetu huzikwa na wenyewe, kwa hivyo alikwenda wodi ya wazazi yeye mwenyewe, akiomba kila mama kwa jina lake, akichukua utando tu, na kondo akilirudisha likiwa limefungwa kitambaa cheupe. Hakuna mama hata mmoja aliyelalamika. Hadi mwisho wa mwaka jana alikuwa amewatibu watu arobaini na watatu, wachoma chokaa, waashi, na mkulima mmoja wa mwani wa Jambiani.

Alikuwa pia akijaribu kutengeneza konea kutokana na magamba ya samaki, na wauza samaki wa Darajani wakimtania, "Daktari, nyama unatuachia, magamba unabeba, nyumbani kwako kunapikwa nini?" naye akiwajibu, "Nnapika macho." Konea hiyo hakuwahi kumwekea mtu, alisema bado miaka. Kwa jicho lililoliwa na chokaa hadi ndani, dawa ilibaki ni kioo cha mtu aliyekufa, na hapa Unguja alikuwa hajapata mtu aliyekubali chake kitolewe akifa.

Aliolewa tarehe 11 Agosti 1995 na Ndugu Kheir Mzee Makame, mhandisi wa maji, wakajaaliwa watoto wawili, Jecha Kheir Mzee, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1997, na Rahila Kheir Mzee, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2001.

Hapa ipo habari ambayo haimo katika karatasi niliyowaonyesha watoto. Mwaka 2009 Dk. Thuwaiba alitaka kumtibu baba yake, na kwa kuwa Ubwa hakuwa na jicho zima, kipande kilitakiwa kutoka kwa mtu wa damu yake. Yeye mwenyewe hakuweza kujipasua, na mpasuaji wa pili hakuwepo, vipimo vikaonyesha kwamba anayefaa ni mimi. Nilisema nitafikiri. Nilifikiri miezi mitano, na tarehe 3 Machi 2010 Ubwa akafariki bila ya kuiona sura ya mjukuu hata mmoja. Binti yake hakunilaumu, si siku ile wala baadaye.

Katika sehemu ya ugonjwa sina cha kuandika, kwa sababu hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Februari, alikunywa chai, akanipitia chini hapa, akanambia, "Shikamoo ami, leo nna kazi ndogo tu, adhuhuri nshafika," akatoka, na katika ngazi za hospitali akaanguka. Mshipa ulipasuka kichwani. Saa mbili na robo asubuhi alikuwa ameshafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, na hata sasa ninaposoma, sikio langu liko mlangoni.

Tukatangaza maziko baada ya sala ya adhuhuri, yakafanyika baada ya alasiri, na nimesikia yanayosemwa barazani, kwamba familia iligombana, kwamba maiti alizuiliwa. Hakuna aliyegombana. Kosa ni langu. Mwaka 2019 marehemu alinipa bahasha, nikaiweka sandukuni bila ya kuisoma, kwa kuwa wasia kwetu hufunguliwa watu wakisharudi makaburini. Saa nne unusu Jecha aliniuliza, "Babu, ile bahasha ya mama, hukuambiwa uifungue kwanza?" Juu yake iliandikwa: kabla ya kuoshwa. Ndani ilikuwa mistari miwili, akiomba vioo vya macho yake vitolewe wapewe wanaovihitaji, na kwamba mwenye kuamua ni mimi.

Nilipanda juu kuwazuia waoshaji. Bi. Amne, mkubwa wao, akanambia, "Mzee Talib, maji yashatekwa, sanda ishakatwa, sasa tunamngoja nani?" Nikamuuliza imamu wetu kwa simu, naye akaniuliza neno moja tu, "Alisema mwenyewe, akiwa na akili zake?" Nikasema naam. Safari hii sikusema nitafikiri. Dk. Rukaiya Talib Faki, mwanafunzi wake, alikuja na sanduku la barafu, akafunga mlango, na alipotoka alisema, "Vimetoka vizima, mzee, kanifundisha yeye," kisha akakaa chini akalia. Uso wa marehemu haukubadilika, Bi. Amne ni shahidi. Tukamzika Mwanakwerekwe, pembeni mwa baba yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliombeba kutoka kwenye ngazi zile, mama wa wodi ya wazazi, jirani wa Mkunazini waliopika na kutandika majamvi, wafanyakazi wenzake wote, na wauza samaki wa Darajani, ambao jana walifunga meza zao wakaja wote hapa matangani.

Leo asubuhi Dk. Rukaiya amenijulisha kwamba vioo viwili vimeshawekwa, kwa watu wawili, na kwamba mmoja wao ni fundi wa chokaa. Mimi ambaye maisha yangu yote nimemuuliza kila mtu jina lake na la baba yake, sikumuuliza. Ikiwa yumo humu ndani, au atapita njia hii bandeji zikishafunguliwa, ajue kwamba ukuta huu ulio mbele yake ulipigwa chokaa na Ubwa, autazame.

Thuwaiba, mwanangu, adhuhuri imepita na kazi yako imekwisha. Lala kwa amani.