Mhandisi Maeng Ho-geun na Kilima Kilichomwagiwa Dawa

Nimesoma madarasa matatu tu, ukoo huu una walimu wawili na wakili mmoja, lakini karatasi hii ya wasifu wa marehemu wamenisukumia mimi, Bun-rye, dada yake mkubwa wa miaka themanini na nne, ati kwa sababu sina aibu. Basi tulieni, aliyekuja kulia atalia baadaye.

Marehemu Maeng Ho-geun alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 kijijini Solmoe, mkoa wa Gangwon, kitinda mimba wetu, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akahitimu uhandisi mjini Chuncheon Februari 1968, akatoboa milima kupitisha barabara kwa miaka thelathini na mitatu, na alipostaafu Juni 2001 ndipo akaanza kuipenda milima hiyo, nami nilimwambia wazi kwamba amechelewa.

Alimwoa Bok Yeon-ja tarehe 9 Oktoba 1971, wakajaliwa mabinti wawili, In-ok na Mi-ran, na mkewe alipofariki mwaka 2009 akarudi Solmoe, akawa anapanda kila asubuhi kilimani kwenye makaburi ya wazazi kutazama maua ya bibi, yale mekundu yenye manyoya yanayoinamisha kichwa, na msimu wa kufyeka alikata nyasi kwa mundu, amepiga magoti, asije akayagusa.

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe. Agosti 2022 zamu ya kufyeka ilikuwa ya Deok-su, mtoto wa kaka yetu mkubwa, mrithi wa ukoo na mwenye dhamana ya makaburi, naye akaona uvivu kuinama, akamwaga dawa ya magugu, kilima chote kikawa rangi ya kutu, na mvua za Julai iliyofuata zikaporomosha nusu ya tuta la kaburi la mama. Alipoulizwa akasema, "Fuko hao, Ba'mdogo, wamechimba," na marehemu, aliyekwisha kuokota dumu la dawa na glavu nyuma ya tuta, akamjibu taratibu, "Fuko wa siku hizi wanavaa glavu?"

Hakuona haya hata kidogo. "Basi tufukue mifupa, tuichome, majivu tuyaweke kwenye kabati la vioo mjini, tupumzike na kufyeka nyasi," akasema, ilhali marehemu alikuwa ameomba jambo moja tu, kulala miguuni pa mama yake.

Novemba 2024 aligundulika na saratani ya kongosho, akawa ananiuliza kila siku, "Dada, kilima kimefunikwa nyasi?" hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 6 Aprili 2025.

Tunawashukuru madaktari, majirani walioleta uji, na wahandisi wenzake waliobeba jeneza.

Jana wazee wa ukoo walikataa kufukua mifupa, wakamwamuru Deok-su akirudishie kilima nyasi zake, naye akajitetea kwamba huu ni msimu wa kutengeneza makaburi, nyasi za kupandikiza zimeisha sokoni. "Zipo, mwanangu," nikamwambia, "mbele ya nyumba yako, pale unapochezea gofu." Akacheka, hakuna aliyecheka naye, mzee mmoja akamkabidhi sepetu.

Pumzika, Ho-geun, miguuni pa mama. Tangu jana Deok-su amepanda kilima mara arobaini na moja, mzigo mgongoni, na mbele ya nyumba yake pamebaki udongo mtupu.