Mafiga ya Kasoki na Mbio za Kibumba

Jumamosi ya kuamkia mbio, kijiwe chetu cha Birere kilikuwa kimeshuka cheo. Ubao ule ule wa kukalia, wanaume wale wale, ila mawe yaliyoubeba miaka yote hayakuwapo, na sasa tulikaa chini kabisa, magoti yakitazamana na masikio. Mwaka huo wa 1956 kamati moja ya Wazungu ilitangaza mbio kutoka Kibumba hadi ziwani, na kapita, msimamizi wa mtaa, akaagiza kila mlango wa barabarani utoe mawe yapakwe chokaa na kupangwa kandokando ya njia, ili wageni waone mji safi. Goma haina uhaba wa mawe. Volkano ilitutapikia ya kututosha sisi na vitukuu. Lakini mashujaa wa kijiwe waliona uvivu kwenda kuyaokota. Asubuhi hiyo walitoa ya ubao, na yalipopungua wakang'oa mafiga matatu ya Mama Kasoki, mjane anayetupikia kahawa na kulea watoto wake kwa kahawa hiyo hiyo. Alikubali kwa kuwa walimwahidi utajiri. Birika lake la mwisho lilikuwa limefunikwa gunia lisipoe.

Aliyefungua mjadala ni Hilaire, karani, tunayemwita Monsieur Donc, kwa kuwa kila hoja yake hubebwa na donc, yaani “kwa hiyo”.

— Donc, kesho Goma inaingia mu économie. Bageni batatoka Bukavu, batatoka Gisenyi, batatoka ata Usumbura. Mutu akisafiri anasikia njaa. Akisikia njaa anakula. Akikula, ni sisi tunapata. Ile njo développement!

— Na mukimbiaji mwenyewe? aliuliza Sikuli, muuza kabichi, jina lake la kijiweni Kilo, kwa kuwa hupima kila kitu, hata mahubiri ya padri. Mutu anatoka Kibumba mbio, anafika hapa jasho imemupunguza kilo mingi. Zile kilo zitarudi namna gani? Kwa kabichi! Nimejaza nyumba mupaka bibi yangu analala ku mulango.

— Njo maana bazee balisema haraka haraka haina baraka, alisema Hilaire. Donc, tukimbie.

Hakuna aliyempinga. Hilaire alikuwa na tai.

Munyaneza alikohoa. Huyu ni Papa Ng'ombe; aliwahi kufuga ng'ombe huko Masisi, na mpaka leo huongea kama mtu aliyeacha kundi nje.

— Nyinyi munaona kabichi. Mimi naona mbali. Mukimbiaji anapita mu malisho, Muzungu anamupiga photo. Nyuma ya ile photo kuko nani? Ng'ombe yangu! Photo inafika Bruxelles, bakubwa banauliza: ile ng'ombe ni ya nani?

— Ng'ombe yako uliuzisha Pasaka, alisema Kilo.

— Mutoto yake iko.

Mama Kasoki alikuwa akitugawia kahawa, kikombe nusu nusu, kwa mkono wa mtu anayejua birika lina nini.

— Na mimi, ba papa? Mimi nitapata nini?

— Wewe, mama? Wewe njo wa kwanza! alisema Hilaire. Njia inapita ku mulango yako. Figa moja haliinjiki chungu, donc kila mutu alitoa jiwe yake.

— Mimi nilitoa tatu.

— Njo utapata mara tatu!

Wanaume walicheka. Kasoki hakucheka.

— Zile, marehemu alizileta mu camion toka Lubero. Jiwe ya hapa inapasuka ku moto. Na kwetu, mwanamuke anang'olewa mafiga ile siku anafukuzwa ku nyumba. Nyinyi muling'oa mukiimba.

Tulitazama ndani ya vikombe. Aibu ilitushika, lakini ya kikombe nusu tu.

— Ile ni mambo ya village, alisema Hilaire. Comité itakupa réchaud, jiko ya mafuta.

— Nani mu comité?

— Comité ni comité, mama.

Ili kuifukuza aibu, wakapandisha dau. Kilo akasema mbio zitakuwa kila Jumapili. Hilaire akasema hata makarani watakwenda kazini mbio, viatu vitaisha, fundi viatu atajenga nyumba ya ghorofa. Munyaneza akaona hayo madogo.

— Serikali yote ya Léopoldville itahamia hapa. Kule kuko joto sana, mutu hawezi kukimbia.

— Na volkano? aliuliza Kilo.

— Bazungu bataikata kichwa, mukimbiaji asichoke kupanda.

Hapo akafika mwanamke tusiyemjua, mzigo wa viazi kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasema anaitwa Mukabalisa, katoka Kibumba. Akaukalia mzigo wake, akawa mrefu kuliko sisi sote, na Kasoki akamtilia kilichobaki.

— Kibumba! alisema Hilaire. Kule mbio zinaanzia! Mumejitayarisha namna gani, mama?

— Tuliambiwa tufunge mbuzi na tusionekane ku njia. Kesho hakuna kupita na muzigo. Njo maana nimekuja leo.

— Ni siku moja tu, alisema Hilaire.

— Njo siku ya soko yetu, papa.

Akanywa. Akaona majivu matupu pale yalipokuwa mafiga, akauliza kulikoni. Kasoki akamweleza kwa maneno machache; sisi tulisaidia kwa kukohoa. Mukabalisa alitutazama mmoja mmoja, kisha akageukia barabara. Wafanyakazi wa kapita walikuwa wameshapaka na kupanga. Mawe meupe yalishuka njia nzima mpaka kwenye kona ya ziwani, yote yakifanana kama mayai ya kuku mmoja.

— Basi muyarudishe, alisema. Ya mama njo gani?

Kilo alinyoosha kidole, akakirudisha. Munyaneza aliyaangalia mawe kama anatafuta ng'ombe wake kwenye kundi la jirani. Hilaire alilegeza tai, akasema “donc”, akaanza kuyahesabu.

Kasoki alilipindua birika juu ya majivu. Halikudondosha kitu.

— Kahawa imeisha, ba papa. Kesho mukunywe mbio.